Mshipa Unaorudisha Damu

Kazi yangu ya mwisho kabla ya kustaafu ilikuwa kusukuma viti vya magurudumu kwenye uwanja mkubwa wa ndege upande wa Virginia. Niliipenda kazi ile. Wazee wenzangu walikaa, mimi nikasukuma, na njiani tukaongea habari za wajukuu wao na magoti yao. Nilijisifu kwamba kiti changu hakikuwahi kugusa ukuta.

Siku kiharusi kiliponipata nilikuwa nikimsukuma bibi mmoja wa Kimarekani, mnene, mcheshi, anakwenda kumwona dada yake. Katikati ya ukumbi kiti kikaanza kuvutika kuelekea ukutani. Nikakirudisha. Kikaenda tena. Bibi akageuka kunitania, akaniuliza ni nani aliyenipa leseni, nami nikafungua kinywa nimjibu. Kilichotoka hakikuwa Kiingereza wala Kiswahili. Akanitazama vizuri, akaona upande mmoja wa uso wangu umelegea kama nguo kwenye kamba. Basi yule bibi, aliyekuwa ameniambia kwamba hawezi kusimama hata kwa kusubiri chai ichemke, akasimama. Akanishika kwapani, akanikalisha kwenye kiti chake, kisha akapaza sauti mpaka walinzi wakaja mbio kutoka pande zote. Nimesukuma watu wengi maishani, lakini kazini kwangu nilitoka nikiwa nimekaa.

Hospitalini walinichoma dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda. Dawa hiyo ina saa zake. Ukichelewa hawakupi, kwa kuwa hapo inaweza kukudhuru kuliko kukusaidia. Mimi niliwahi kwa sababu ya sauti ya bibi yule, na sikupata kumshukuru. Natumaini alifika kwa dada yake.

Kiharusi changu kilipiga upande wa kushoto wa ubongo, kwa hiyo kilichopooza ni mkono na mguu wa kulia, na pamoja navyo kikaondoka na maneno. Lakini dawa ilifanya kazi yake upesi. Kabla jua halijatua vidole vya mkono ule vilianza kucheza juu ya shuka, na binti yangu aliponiuliza nataka nini, nikasema, "Maji." Neno moja tu, tena limepinda. Alicheka na kulia kwa pamoja, akaniletea maji mengi kuliko ninayoweza kunywa, nesi akamnyang'anya bilauri kwa kuwa nilikuwa bado sijapimwa kama naweza kumeza.

Binti huyu ndiye mtoto wangu pekee. Mama yake alikuwa amekwisha tangulia mbele ya haki miaka kadhaa kabla ya hapo, na sisi wawili tulikuwa tukiishi Takoma Park, nje kidogo ya Washington, kwenye nyumba ya ghorofa karibu na kituo cha treni. Mimi nilimsemesha kwa Kiswahili, yeye akanijibu kwa Kiingereza, na tulielewana hivyo tangu akiwa mdogo. Alikuwa anaolewa mwezi wa sita. Kiharusi kilinipata mwezi wa tatu.

Hapa lazima niseme jinsi nilivyomtendea yule mchumba wake, kwa sababu bila hilo mtu hataelewa kwa nini maneno yangu yalikuwa na thamani kubwa kwangu wakati ule. Alikuwa Mrundi wa Buyenzi, mtaa wa Waislamu mjini Bujumbura, aliyepitia kambi ya wakimbizi kabla ya kuletwa Marekani. Alikuwa akikata vioo vya madirisha katika karakana moja Manassas, mbali huko Virginia. Alipoleta posa hakuwa na wazee wa ukoo wake, maana vita vilikuwa vimewamaliza wengine na kuwatawanya wengine. Akaja na wazee wa kuazima: Mkenya mmoja dereva wa basi la shule, na jirani yake Mkongomani, mchungaji wa kanisa dogo, aliyevaa suti ya buluu na kofia ya kufuma aliyoazimwa ili asionekane mgeni. Kofia ilikuwa ndogo, ikawa inampanda kichwani kila anapoinamisha shingo. Lakini ndiye aliyesema vizuri kuliko wote. Alisema amekuja kuomba ua katika bustani ambayo si ya dini yake, na kama atakosea adabu tumsamehe yeye na si kijana.

Niliwapa chai na kaimati, nikawaambia nitawajibu. Sikuwajibu. Ukapita mwaka na zaidi. Walionipigia simu niliwaambia bado natafakari, na ukweli ni kwamba nilikuwa nikingoja achoke aende zake. Nilimwona hana ukoo, na Kiswahili chake kilinikwaruza masikio, mimi niliyesoma sekondari Tanga na kujiona mlinzi wa lugha. Ulikuwa ujinga wangu mwenyewe, sina wa kumtwisha. Mwishowe binti yangu alikaa mbele yangu mezani, akaniuliza kwa Kiswahili, lugha ambayo alikuwa haitumii ila akiwa amechoka nami kabisa, "Baba, unamngojea nani?" Nikachukua simu nikampigia yule kijana, nikamwambia posa imekubaliwa, akasema "Mersi, muzee," bila hata kuuliza kwa nini nilichelewa.

Kwa desturi yetu baba ndiye anayemwozesha bintiye. Anakaa uso kwa uso na mwanamume, wanashikana mikono, baba anatamka kwamba amemwozesha binti yake fulani, mwanamume anajibu kwamba amekubali, na mashahidi wawili wanasikia. Baba akishindwa anaweza kumpa mtu mwingine uwakilishi. Mdogo wangu wa Fairfax, mhandisi, mtu apendaye kuhutubia hata mtoto akizima mshumaa wa keki, alikuwa tayari kabla hajaombwa. Nilimwona siku ile ya kwanza hospitalini akijikohoza na kunyoosha sauti pembeni. Lakini mimi nilikuwa nimenyamaza mwaka mzima juu ya kijana yule. Nilitaka kumjibu kwa mdomo wangu, mbele ya watu.

Na siku ya pili nusura niyaharibu yote kwa shingo yangu.

Mimi na mdogo wangu tulikuwa na ugomvi wa miaka juu ya kibla. Ukitazama ramani ya ukutani, Makka iko mashariki ya Washington, chini kidogo, na mimi nyumbani nilisali nikielekea kusini-mashariki. Mdogo wangu alikuja siku moja na tufe la dunia na uzi wa kushonea, akaushika uzi hapa kwetu na kuuvuta mpaka Makka, nao ukapanda kupitia kaskazini-mashariki. Msikiti wetu pia ulikuwa umeelekezwa huko. Basi msikitini nilimfuata imamu, nyumbani nikaifuata ramani. Moyoni nilijua uzi hausemi uongo. Lakini ukishabishania jambo mbele za watu kwa miaka, kukubali ni sawa na kuvuliwa kanzu sokoni.

Siku hiyo ya pili mdogo wangu alikuja na watu wawili wa msikitini. Nilikuwa nimechoka, nimefumba macho, napumua polepole. Akadhani nakata roho. Akaanza kunisomea Yasini, na niliposikia Yasini nikajua wameshanikatia tamaa. Kwetu mgonjwa aliye karibu na safari huelekezwa kibla. Kitanda hakikuweza kusogezwa kwa sababu ya nyaya na mirija, kwa hiyo wakakigeuza kichwa changu. Walikunja blanketi, wakalisokomeza chini ya mto, wakaugeuza uso wangu upande wa kushoto kwenye dirisha. Kaskazini-mashariki.

Nilikasirika mara mbili. Kwanza nilikuwa nasindikizwa na hali siendi. Pili nilikuwa nasindikizwa kwa njia ya mdogo wangu. Maneno sikuwa nayo, ila shingo nilikuwa nayo, na nikaigeuza upande wa pili, upande wa kulia kulikokuwa na mlango, kusini-mashariki kwangu. Mdogo wangu akanirudisha taratibu. Nikageuka tena. Akanirudisha. Nikageuka kwa nguvu mpaka kidevu kikagusa bega. Mmoja wa wale watu akamwambia kwa upole, "Mwache, ndugu. Kaka yako ana kibla chake."

Nilishinda. Nikakaa hivyo mchana kutwa, kidevu begani, na walipoondoka nikabaki hivyo hivyo, kwanza kwa kiburi, halafu kwa usingizi, maana lile blanketi walilolisokomeza lilikuwa sasa linanisukuma kuelekea huko nilikojigeuzia. Nilipoamka kichwa kilikuwa kinapasuka. Nikatapika. Vidole vilivyokuwa vikicheza vikawa vizito kama vya mtu mwingine. Binti yangu akaniuliza kama nataka maji, nami nikalitafuta lile neno langu moja, nikakuta limeondoka.

Nesi wa zamu alikuwa mama mmoja wa Kenya, mfupi, mwenye mikono yenye nguvu. Alinikuta vile, akanyoosha shingo yangu kwa mkono mmoja na kubonyeza kengele kwa mkono mwingine. Baada ya madaktari kuja na kwenda nami nimepelekwa na kurudishwa kwenye mashine za picha, alimkuta mdogo wangu amerudi, yuko ukumbini, akamuuliza ni nani aliyemkunja huyu mzee kama shati. Mdogo wangu akamweleza habari ya kibla.

"Sawa," akasema nesi. "Na mlikuwa mnataka afike Makka leo leo?"

Kesho yake daktari alikuja na picha. Alikuwa mwanamke mtaratibu, anayekaa chini anapozungumza na mgonjwa. Alizungumza Kiingereza, na pale nilipokunja uso nesi alinigeuzia kwa Kiswahili chake cha Nairobi. Alisema watu wote, na madaktari pia, wanapenda kuangalia mishipa inayoingiza damu kwenye ubongo. Ule wangu ulikuwa umezibwa, dawa imeuzibua, damu imeingia, kila mtu amefurahi. Lakini damu iliyoingia lazima itoke. Kuna mishipa mingine, vena, yenye kuta nyembamba na laini, inayoikusanya na kuirudisha moyoni kupitia shingoni. Baada ya kiharusi ubongo unakuwa umechubuka na ni rahisi kuvimba. Vena zikifanya kazi vizuri, uvimbe unakuwa mdogo, na sehemu iliyojeruhiwa inapata nafasi ya kupona. Zikibanwa, damu inarundikana, maji yanavuja kwenye nyama ya ubongo, na ile faida ya dawa inaweza kupotea.

Mimi nilimwelewa kwa njia ya uwanja wa ndege. Nimeona siku nyingi ndege zinatua vizuri, kwa wakati, rubani anapigiwa makofi, halafu ukumbi wa pasipoti una mlango mmoja tu uliofunguliwa. Watu wanaingia, hawatoki. Watoto wanalia, wazee wanazimia, na hakuna tena anayekumbuka kwamba ndege iliwahi.

Kisha daktari akanionyesha jambo ambalo sikulijua katika maisha yangu yote. Watu wengi wana vena kubwa mbili nyuma ya kichwa, kulia na kushoto, na mara nyingi moja ni nene kuliko nyingine. Yangu ya kushoto ilikuwa kama uzi. Nilizaliwa nayo hivyo, na haikunisumbua kamwe kwa kuwa ya kulia ilibeba karibu mzigo wote. Na kulia ndiko nilikokuwa nimeikunja shingo mchana kutwa.

Binti yangu aliuliza lile swali ambalo mimi nisingeweza kuuliza hata kama ningekuwa na maneno. Je, shingo ndiyo iliyofanya? Daktari hakutaka kunisingizia wala kunisafisha. Alisema uvimbe huweza kuja wenyewe siku hizo za mwanzo, na hawezi kuapa kwamba shingo ndiyo iliyoleta ubaya. Alichojua ni kwamba mtu anayetegemea mlango mmoja hapaswi kuuegemea.

Mdogo wangu, aliyekuwa amesimama karibu na mlango, alijifuta uso kwa kofia yake. Alinijia akasema nimsamehe kwa lile blanketi. Nilitaka kumwambia kwamba yeye alinigeuzia upande usio na hatari, na mimi ndiye niliyejigeuza. Sikuwa na njia ya kusema hayo. Nikamshika mkono kwa mkono wangu wa kushoto na kumvuta, akadhani nataka anisomee tena. Akaanza. Nesi akamwomba asome, lakini asiguse kitu.

Wakaninyanyulia kichwa cha kitanda kidogo, wakanipa dawa za uvimbe, wakanifungua kola ya gauni la hospitali. Taulo mbili zilikunjwa kama sambusa ndefu na kuwekwa moja kila upande wa shingo. Halafu yule nesi akachora mshale kwenye karatasi na kuubandika darini juu ya uso wangu.

"Mzee, kibla chako ni pale mpaka mimi nikwambie. Ukigeuka tena nitakubeba mgongoni na leso kama mtoto, na sina mchezo."

Mdogo wangu alikohoa kidogo kusikia hivyo. Lakini shehe wetu alipokuja kunijulia hali akasema mgonjwa husali anavyoweza, kwa macho ikibidi, na akautazama ule mshale akatabasamu, akamwombea dua nesi.

Nilikaa nikiutazama mshale. Kuna raha yake kumtazama mtu bila kugeuza shingo: wote walilazimika kuja mbele yangu na kuinama, na nyuso za watu wanaokuinamia zina huruma zaidi. Yule kijana wa Buyenzi alikuja kila akitoka kazini, njia yote ile kutoka Manassas. Alikuwa hasemi sana. Alikuwa akisimama mwisho wa kitanda, mahali hasa ambapo macho yangu yalifika bila taabu, kwa hiyo nikawa namtazama yeye kuliko mtu mwingine yeyote. Nilikuwa sijapata kumtazama kabla ya hapo.

Uvimbe ukashuka. Daktari alisema ile vena ya kulia ni jasiri. Vidole vikarudi, kisha mkono, kisha mguu kwa kuburuza. Walipoanza kunitembeza ukumbini kwa kiti cha magurudumu nikawa mgonjwa msumbufu, kwa sababu msukumaji alikuwa akipiga kona vibaya na mimi sikuwa na lugha ya kumfundisha. Nilimwonyesha kwa kiganja: taratibu, nje kwanza, ndani baadaye. Mwisho wake akapiga kona nzuri na nikampigia makofi kwa kugonga paja langu.

Maneno ndiyo yaliyochelewa, na yalirudi kwa namna ya ajabu. Nilisoma Alhamdu yote bila kukwama kabla sijaweza kuomba chumvi. Mwalimu wa usemi, msichana Mmarekani mpole, alisema ndivyo ilivyo kwa wengi: maneno yaliyokaririwa tangu utotoni yana makao yake, na maneno ya kujitungia yana makao mengine. Mdogo wangu akafurahi. Akasema basi tuyakariri maneno ya ndoa kama sura, na kazi imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Maneno ya "nimekuozesha binti yangu" yalikuja baada ya majuma machache. Lakini baada ya "binti yangu" lazima litajwe jina, na kila nilipolitafuta jina la binti yangu, lililotoka lilikuwa la mama yake. Si mara moja. Kila mara. Nilimwita hivyo mezani, nikamwita hivyo kwenye simu. Mwanzoni alicheka, baadaye nikamwona anageukia jikoni. Shehe alitueleza kwa upole kwamba ukitaja jina la mwanamke mwingine, ndoa imeharibika. Akasema pia kwamba asiyeweza kusema anaweza kuashiria, na kwamba hakuna aibu kumpa mdogo wangu uwakilishi. Binti yangu alipoulizwa anaonaje, alijibu kwamba baba mdogo atahutubia vya kutosha ukumbini. Jina lake alitaka alisikie kwangu.

Nilipotoka hospitali, kijana ndiye aliyenipeleka kwa mwalimu wa usemi na kunirudisha, kwenye Korola yake iliyochakaa. Ndani ya gari tulikuwa tukifanya mazoezi. Mimi nilisema, "Nimekuozesha," yeye akajibu, "Nimekubali." Tulikwenda hivyo kuanzia taa nyekundu moja hadi nyingine. Siku moja tukamsimulia mdogo wangu kwa furaha, akashika kichwa. Akatukumbusha kwamba maneno ya ndoa hayana mzaha, anayeyatamka kwa kucheza huhesabiwa kuwa amesema kweli, na kama kungekuwa na mashahidi wawili kwenye kiti cha nyuma binti yangu angekuwa ameolewa barabarani. Kijana akauliza kwa unyenyekevu kama wale abiria wa basi lililosimama kando yetu wanahesabiwa. Tulimpigia shehe simu. Shehe alicheka sana kwanza, ndipo akasema hapana, ila tutafute kitu kingine cha kufanyia mazoezi. Basi kuanzia siku ile nilimwozesha Korola. Alikubali Korola mara nyingi sana, tena kwa moyo wote, na alipofunga breki ghafla nilimwambia kwa ishara kwamba mke wake ana hasira.

Jina nilifanyia mazoezi peke yangu. Mwalimu alinifundisha kuligawa vipande na kugonga goti kwa mkono wa kushoto, pigo moja kwa kila kipande, kama mtu anayeimba. Mara lilitoka, mara halikutoka. Hadi asubuhi ya ndoa sikuwa na hakika.

Nikaha ilifungwa nyumbani kwetu Takoma Park, watu wamejazana sebuleni, wanawake chumbani na mlango uko wazi kidogo. Mdogo wangu alikaa karibu nami, amevaa joho, na nilijua ana hotuba mfukoni. Mchungaji Mkongomani alikuwa nyuma karibu na rafu ya viatu, safari hii amevaa kofia inayomtosha. Mkenya wa basi la shule alikuwa mmoja wa mashahidi. Mimi nilivaa kanzu isiyo na vifungo vya shingo, nikakaa kwenye kiti kilichonyooka, na kijana akapiga magoti mbele yangu. Tukashikana mikono ya kulia. Mkono wangu bado ulikuwa mzito, akaushika kwa namna ambayo uzito ulikuwa wake.

Nikaanza. "Nimekuozesha binti yangu." Yakatoka safi, na nikasikia watu wanashusha pumzi. Halafu nikafika kwenye jina, na lililokuja mdomoni lilikuwa la marehemu mke wangu. Lilikuwa limekaa pale kwenye ncha ya ulimi, tayari, zuri. Nikafumba midomo nisiliachie. Nilisikia friji jikoni. Nilimwona mdogo wangu anainama mbele, kinywa nusu wazi, si kwa ubaya, ni kwa huruma, na shehe akimzuia kwa kiganja. Nikatikisa kichwa, nikataka kuinuka.

Kijana hakuniachia mkono. Alinitazama kama alivyokuwa akinitazama kutoka mwisho wa kitanda.

"Muzee," akasema, "miye siko na haraka."

Nikakaa. Nikaliacha lile jina la kwanza lipite, nikaliaga kwa moyo. Nikagonga goti kwa mkono wa kushoto. Pigo la kwanza halikuleta kitu. Nikagonga tena, kipande cha kwanza kikaja, na cha pili kikafuata chenyewe, na cha tatu, na lilikuwa jina la binti yangu, lote, kama nilivyompa alipozaliwa. Nikaongeza, "Kwa mahari mliyokubaliana," upesi, kabla kitu kingine hakijanitoroka. Akajibu kwamba amekubali. Shehe akawauliza mashahidi kama wamesikia, na Mkenya akasema amesikia hata yale ambayo hayakusemwa.

Vigelegele vikaanza chumbani. Mdogo wangu akanibusu kipaji cha uso, akatoa hotuba yake mfukoni, akaitazama, akairudisha. Baadaye aliitoa tena, ni kweli, lakini kwa dakika ile aliirudisha.

Binti yangu hakungoja kuitwa. Alitoka chumbani na mavazi yake yote, mashangazi wanamvuta nyuma kwa upindo, akapita katikati ya wanaume na kuchuchumaa mbele ya kiti changu, usawa wa macho yangu. Akanishika shavu la kulia, lile lililokuwa limelegea.

"Baba," akasema kwa Kiswahili, "liseme tena."

Nikalisema. Akaniambia nirudie, nikarudia, na mumewe akawa anagonga goti langu kunipa mapigo, na tuliendelea hivyo hadi mashangazi wakalalamika kwamba biriani inapoa.